Linux Mint kwenye kompyuta ya nyumbani: apdeti zinazosubiri ruhusa

Kompyuta yenyewe ni Dell OptiPlex ya mtumba niliyoichukua Kariakoo: prosesa ya i5 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 8, na SSD ya GB 240 niliyoiongeza baadaye. Hapa nyumbani Tanga tunaigombania watu wanne. Mama watoto anaandikia oda zake za keki, binti yupo kidato cha pili, kaka yake anadai anasoma, na mimi nabaki na saa za usiku. Intaneti ni ya bando. Nayataja haya mapema kwa sababu apdeti nzuri au mbaya inategemea sana umeme wa mtu ukoje na MB zake anazilipiaje. Mwenye faiba isiyo na kikomo na betri za sola ukutani anaweza kusoma uzoefu wangu akaona nakuza mambo.

Nilihamia Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows, toleo la 22, kwa sababu muda wa Windows 10 ulikuwa unakwisha. Microsoft waliitoa Julai 2015 na huduma yake ya kawaida ikafungwa 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Yangu hata nusu ya safari hiyo haijafika vizuri. Ipo njia ya kujiandikisha ili upate masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, ila hiyo ni kusogeza tarehe. Wapo pia mafundi wanaoipenyeza Windows 11 kwenye mashine za zamani na ikawaka bila shida, lakini Microsoft wenyewe wameandika kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kuletewa masasisho. Kwa hiyo unarudi palepale.

Ushauri niliopewa na watu wengi ulikuwa mfupi: "Zima apdeti zote, utaishi kwa amani." Huu ushauri siupendi hata kidogo. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu duniani kote, hospitali za Uingereza zikiwemo, na dawa ya tundu lililotumika ilikuwa imeshatolewa na Microsoft mwezi Machi, miezi miwili kabla. Wengi walioumia hawakuwa wamesasisha. Wakati huohuo siwezi kumcheka anayeogopa. Oktoba 2018 Microsoft hao hao walilazimika kusimamisha toleo la 1809 la Windows 10 baada ya baadhi ya watumiaji kulalamika kwamba limefuta nyaraka na picha zao, na likarudishwa Novemba likiwa limerekebishwa. Pande zote mbili zina ushahidi. Nilichokuwa nakitafuta mimi ni mfumo utakaonionyesha kinachokuja, uniachie nichague saa, na ukiharibika unipe njia ya kurudi jana.

Kuonyeshwa kinachokuja Mint inafanya vizuri kuliko nilivyotegemea. Kuna alama ya ngao kwenye kona ya chini. Masasisho yakiwepo inawekewa kidoa, ukiibonyeza unafungua orodha: haya ya usalama, haya ya programu za kawaida, haya ya keneli, yaani kiini chenyewe cha mfumo kinachozungumza na vifaa. Chini kabisa ya orodha kuna mstari mdogo unaotaja yamechaguliwa mangapi na jumla ni MB ngapi. Mstari huo ndio ulionishika. Ukiondoa tiki kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka, namba inashuka mbele ya macho yako. Basi mchana nachukua ya usalama tu, na mizigo mikubwa naiachia bando la usiku ambalo ni la bei nafuu. Kujisasisha kwenyewe kwa kujiendesha kupo, lakini kumezimwa mpaka ukuwashe mwenyewe. Ukikaa muda mrefu bila kusasisha itakukumbusha kwa ujumbe, halafu inakaa kimya.

Kazi ikianza, mashine haikufukuzi. Binti aliendelea kuandika insha yake huku mstari wa kupakua unasogea pembeni. Keneli mpya ndiyo inayohitaji kuwasha upya, na hata hapo unaambiwa tu, hulazimishwi. Jambo dogo zaidi, ambalo wengi hawaligusi: kwenye mpangilio wa vyanzo vya programu unaweza kubadili seva unayopakulia. Dirisha lake linapima lenyewe kasi ya kila seva kutoka hapo ulipo. Nilipohamishia kwenye seva ya Afrika Kusini, upakuaji ulianza kutembea badala ya kutambaa. Nyumba ya jirani inaweza kupata jibu tofauti kulingana na mtandao wanaotumia, kwa hiyo pima mwenyewe.

Sasa tuje kwenye umeme, maana mapitio mengi ya mfumo wa kompyuta yameandikwa na watu wasiojua kukatikiwa.

Ulikatika katikati ya kusakinisha. Siyo wakati wa kupakua, ambapo hakuna kinachoharibika, bali wakati mafaili mapya yanawekwa mahali pa yale ya zamani. Uliporudi na kuwasha, hakuna picha, hakuna menyu, ni kioo cheusi chenye maandishi meupe yanayoomba jina na nenosiri. Mama watoto akachungulia mlangoni, "Baba Asha, oda ya Jumamosi ipo humo." Niliingia kwa jina na nenosiri vilevile kama kawaida, nikaandika sudo dpkg --configure -a na kubonyeza Enter. Kazi ya amri hiyo ni kuokota pale sasisho lilipoachia na kumalizia. Mara nyingi inatosha, na kama unatumia Mint au Ubuntu iandike kwenye karatasi uibandike ubavuni mwa kompyuta, kwa sababu siku utakayoihitaji hutakuwa na Google. Safari hii ilifika mahali ikagoma. Kulikuwa na faili lililobaki tupu.

Hapo ndipo Timeshift ilipojilipa. Hii ni programu inayokuja ndani ya Mint, na inapiga picha ya mfumo, yaani inatunza nakala ya jinsi ulivyo saa hiyo, kwa ratiba unayoipanga, kila siku, kila wiki, au muda wowote utakaotaka wewe. Mimi nimepanga kila siku, na kabla ya kugusa keneli napiga nyingine kwa mkono. Nilichomeka flashi ileile niliyotumia kusakinisha Mint, mashine ikaamkia kwenye flashi, nikaifungua Timeshift kutoka humo na kuielekeza kwenye SSD. Picha zote zikajipanga kwa tarehe. Nikachagua ya jana yake, nikabonyeza kurejesha, nikakubali maonyo yake, nikaenda kuchemsha chai. Chai ilikuwa bado ya moto mfumo ulipowaka na kila kitu mahali pake, mpaka mandhari ya mpira aliyoiweka kijana. Oda za keki hazikuguswa, kwa sababu kwa kawaida Timeshift haigusi mafaili binafsi ya watumiaji. Inarudisha mfumo, nyaraka zako inaziacha kama zilivyo.

Watu huwa wanalielewa kinyume jambo hilo, kwa hiyo nalikazia. Timeshift siyo hifadhi ya nyaraka. SSD ikifa, picha za harusi zinakufa nayo. Nakala ya mafaili iweke kwenye diski nyingine, kwa utaratibu mwingine.

Gharama yake ni nafasi. Picha ya kwanza kwangu ilikula zaidi ya GB 10. Zinazofuata ni ndogo, kwa kuwa inahifadhi yaliyobadilika tu, lakini ukiiachia itunze nyingi kwenye diski ya GB 120 utakuja kushangaa nafasi imeenda wapi. Nimeiambia itunze chache za siku na mbili za wiki, zikizidi ya zamani inafutwa yenyewe. Ukitaka kuziweka kwenye diski ya nje, iwe imepangiliwa kwa mfumo wa mafaili wa Linux kama ext4. Diski iliyotoka dukani na mpangilio wa Windows haitakubaliwa.

Kisa cha pili kilikuwa cha Wi-Fi. Natumia kile kidude cha USB chenye antena fupi, kampuni iliyokitengeneza nitaiacha bila jina. Inauza kifaa lakini draiva yake, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa, haijaiingiza kwenye keneli ya Linux, hivyo draiva inabidi ijengwe pembeni na kila keneli mpya ikija ijengwe tena ili iendane nayo. Keneli moja ikaja, draiva ikashindwa kujengwa, asubuhi hakuna mtandao. Dawa haikuhitaji fundi. Mint haifuti keneli ya zamani unapoweka mpya. Unawasha upya, unashikilia Shift, na kwenye mashine nyingine unagonga Esc, mpaka itokee menyu ya GRUB, ile ya kuchagua cha kuwasha kabla mfumo haujaanza. Unaingia kwenye machaguo ya ziada, unachagua keneli yenye namba ya chini. Wi-Fi ikarudi. Na je, dirisha la masasisho litaendelea kuniletea hiyo mpya? Hapana, kuna sehemu ya keneli ambapo unaona zote zilizopo, unaondoa usiyoitaka, na sasisho lake unaweza kuliambia lisionekane tena.

Na kama huna hata keneli ya kurudia, chomeka simu kwa waya wa USB ushirikishe intaneti yake. Mint kwa kawaida inaitambua papo hapo bila kuongeza draiva yoyote. Mwishowe nilichoka na kidude kile, nikavuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta ukapita juu ya dari. Mke wangu anauona ni uchafu. Mimi sioni.

Kwa wanaobaki Windows, na sababu za kubaki zipo, mambo mawili yanasaidia sana. Kwenye mpangilio wa Wi-Fi iambie kwamba muunganisho huo unapimwa (metered), yaani unalipiwa kwa MB. Ikishajua hivyo inapunguza sana kupakua vitu bila kukuuliza. Na masasisho yanaweza kusimamishwa kwa muda, hadi wiki tano kwa mara moja. Yale ya kila mwezi hutoka Jumanne ya pili, kwa saa za Marekani, kwa hiyo kwetu mara nyingi yanagonga usiku wa Jumanne au Jumatano. Anayetaka tahadhari asubiri siku chache asikie wenzake wanalia au wapo salama. Likiwa ni toleo kubwa na limekuchafulia mambo, unazo siku 10 za kurudi kwenye la zamani, baada ya hapo mafaili ya kurudia yanafutwa.

Mint 22 itahudumiwa hadi 2029, na hilo linanitosha kwa mashine ya umri huu. Alama naipa nne kwa tano. Ile moja naibakiza kwa sababu ya dirisha la amri. Mtu anaweza kukaa miezi bila kuliona, ila siku mfumo ukikwama katikati litamkuta, na mtu asiyezoea kioo cheusi atatafuta wa kumpigia simu. Kwa nyumba yetu huyo wa kupigiwa ni mimi, na kijana ameshaanza kujifunza, tena kwa kasi kuliko hesabu zake.

Shemeji yangu aliiona akataka nimwekee kwenye laptopu ya dukani kwake. Nikamuuliza anatumia programu gani za mahesabu, akanionyesha, ni ya Windows peke yake na msambazaji wake hana toleo jingine. Nikamwachia Windows yake, nikamwekea Wi-Fi iwe ya kupimwa, na nikamtuma akanunue UPS, kile kifaa cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika.