Frieren, sura moja kila usiku

Nilianza kusoma Frieren, manga (hadithi ya katuni ya Kijapani), wiki chache baada ya arobaini ya baba. Nilitaka mapigano, nipoteze mawazo. Kumbe vita vimekwisha kabla hadithi haijakolea: mfalme wa mapepo ameshauawa, mashujaa wanne wanarudi nyumbani baada ya miaka 10 njiani.

Frieren ni mchawi wao, ingawa neno hilo kwetu lina ubaya na huyu harogi mtu. Ameishi zaidi ya miaka 1,000, kwa hiyo miaka 10 kwake ni kama juzi. Kiongozi wao, Himmel, anazeeka na kufa, na mazikoni ndipo Frieren anapolia kwamba hakujishughulisha kumjua. Baadaye anaishika tena njia ileile, sasa na binti yatima, Fern.

Kanehito Yamada anaandika, Tsukasa Abe anachora, na tangu 2020 hawana haraka. Frieren anakusanya uchawi mdogomdogo: wa kuotesha shamba la maua, wa kutoa kutu kwenye sanamu, wa kugeuza zabibu tamu kuwa chachu. Asubuhi haamki, Fern ndiye wa kumwamsha na kumchana nywele.

Sura ninayoirudia ni ile ya ufukweni. Zamani wenzake walimsubiri watazame jua la mwaka mpya likichomoza, yeye akalala. Safari hii anajikaza, anakwenda. Jua lenyewe halimgusi, anataka kurudi kulala. Kisha anamwona Fern pembeni yake anatabasamu, uso umejaa mwanga.

Baba alikuwa akikaa barazani jioni, redio pajani, akingoja habari ya saa mbili. "Njoo usikilize, mwanangu." Nami, "Nakuja baba," huku nimeinamia simu. Ukurasa ule niliutazama muda mrefu sana.

Mtihani wa wachawi, huko mbele, ulinichosha: majina mapya yanamiminika, na utulivu niliokuwa nimeuzoea unapungua. Vumilia.

Kuna pia Stark, kijana shujaa mwenye woga. Mbilikimo aliyemlea alikuwa na desturi ya kumpikia mpiganaji aliyejitahidi pande kubwa la nyama ya kusaga. Siku ya kuzaliwa ya Stark, Frieren anampikia vilevile, pande limejaa sahani. Hapo niliacha kusoma, nikampigia mama. Tukaongea bei ya nyanya na kuku wake waliototoa, mpaka salio likaisha.