Rangi za kubandika kwenye kingamwili: ukiwa Tanga ununue ipi

Katalogi za rangi zing'aazo, zile zinazobandikwa kwenye kingamwili ili lengo lake lionekane kwa hadubini, huanza na kijani, nyekundu na nyekundu iliyokolea. Kwa maabara ya Tanga, swali hilo lije mwisho. Kwanza uliza rangi inaishika protini kwa kemia gani, maana hapo ndipo fedha huokolewa au kumwagika.

1. Esta ya NHS. Ni kikundi cha kemikali kilichomo kwenye rangi. Inashika amini za laisini (mojawapo ya asidi amino za protini), na IgG, kingamwili ya kawaida, inazo tele. Tumia bafa ya bikaboneti 0.1 M yenye pH 8.3 hadi 8.5 na kingamwili ya 2 mg/ml, kisha iache saa moja gizani. Kwa 1 mg ya IgG (nanomoli 6.7), rangi mara kumi ya molekuli hizo ni nanomoli 67. Ikiwa ni NHS-fluoreseini, hiyo ni mikrogramu 32, yaani mikrolita 3.2 za myeyusho wa 10 mg/ml. Baadaye pitisha kwenye kolamu ya Sephadex G-25 ili kuondoa rangi isiyoshika. Lenga molekuli 3 hadi 6 za rangi kwa kila kingamwili. Zikizidi sana zinazimana zenyewe kwa kubanana, na kingamwili huanza kugandamana.

Adui ni maji. Kwenye pH 8.6, hata kwa nyuzi 4, nusu ya esta huharibika ndani ya dakika kumi hivi. Kwa unyevu wa pwani, kichupa kilichotoka friza kikifunguliwa kingali baridi hunyonya umande papo hapo. Kiache kipate joto la chumba kikiwa kimefungwa, na DMSO, kiyeyushi cha rangi, iwe kavu, ya chupa mpya. Ndiyo maana ni heri vichupa kumi vya mikrogramu 100 kuliko kimoja cha miligramu moja, hata kama kila kimoja kinauzwa ghali zaidi kwa uzito.

Kabla ya kuagiza, soma karatasi ya maelezo ya kingamwili. Tris (bafa), glaisini na BSA (protini ya ng'ombe) zina amini zao na zitaila rangi yako yote, ziondoe kwanza. Kihifadhi cha azidi ya sodiamu ya 0.02% hakisumbui.

2. FITC. Ni fluoreseini inayoshika amini kwa kemia nyingine. Ni rahisi kupata na bei yake ni nafuu, ila inataka pH 9 au zaidi. Fluoreseini hufifia upesi chini ya taa ya hadubini, na mwanga wake hupungua pH ikishuka chini ya 7. Funika slaidi kwa gliseroli yenye pH 8.5.

3. Maleimidi. Hushika salfa za kingamwili badala ya amini. Inunue pale tu NHS inapoua uwezo wa kingamwili kushika lengo lake, yaani laisini zikiwa mahali pa kushikia. Kwanza vunja kiasi madaraja ya salfa kwa TCEP, kisha ufanye kazi kwenye pH 7. Ukivunja kwa DTT badala ya TCEP, lazima iondolewe yote, la sivyo itachukua rangi kabla ya kingamwili.

4. DBCO na azidi. Ni jozi ya vikundi vinavyoshikana vyenyewe, kimoja kwenye kingamwili, kingine kwenye rangi. Nzuri, ghali, hatua nyingi. Hapa azidi ya sodiamu iliyowekwa kama kihifadhi inaharibu kazi, kwa sababu DBCO huishika yenyewe.

Kama unataka tu kuona vimelea kwenye slaidi, acha zote nne: nunua kingamwili ya pili, inayoishika ile yako ya kwanza, iliyokwisha kubandikwa rangi.

Ukiagiza kupitia Dar es Salaam, muulize wakala kama kichupa kimo ndani ya mfuko wa foili wenye silika jeli. Rangi kavu huvumilia siku chache za joto njiani. Kizibo kilicholegea haikivumilii.