PhET: fizikia kuanzia darasa la tatu hadi kidato cha nne, bila kumaliza bando

PhET ni mkusanyiko wa simulesheni (majaribio ya kuigiza kwenye skrini) za sayansi na hisabati zinazotolewa bure na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 2001. Uzuri wake mkubwa ni kwamba simulesheni ileile humfaa mtoto wa miaka tisa na kijana wa miaka kumi na sita. Kwa hiyo usimfungulie mtoto simulesheni ishirini kwa wiki. Chagua mbili tatu, mrudi kwazo kila mwaka.

Bora kuliko zote ni ile ya kujenga saketi. Lakini kwa darasa la tatu na la nne, skrini isubiri. Mpe mtoto betri moja ya volti 1.5, balbu ya tochi na waya mmoja wa sentimita 15 uliomenywa ncha zote mbili. Wengi hugusisha kitako cha balbu peke yake na taa haiwaki, kwa sababu mkondo unaingia hapo na kutokea kwenye ubavu wa chuma. Mwache ahangaike mpaka alione hilo mwenyewe, ndipo ajenge saketi hiyohiyo kwenye skrini.

Darasa la tano na la sita, ongeza balbu ya pili, kwa mfuatano (zote kwenye njia moja) kisha sambamba (kila moja na njia yake), bila hesabu yoyote. Atabiri kwanza, halafu ajaribu. Namba zije sekondari: betri ya volti 9 na balbu ya omu 10, ameta, yaani kipima mkondo, inasoma ampea 0.9. Balbu mbili za mfuatano, 0.45. Zikiwa sambamba kila moja inapata 0.9, na betri inatoa 1.8.

Hapa kuna mitego miwili. Skrini huonyesha elektroni, ambazo huenda kinyume na mshale wa mkondo wa vitabuni. Badilisha chaguo hilo kabla ya somo, la sivyo mwanafunzi atadhani betri imegeuzwa. Pili, betri ya kwenye skrini haina ukinzani wa ndani usipouweka. Mezani, balbu mbili sambamba kwenye betri iliyochoka hufifia. Kwenye skrini hazififii. Tofauti hiyo ni somo zuri kabisa la kidato cha tatu, usiifiche.

Simulesheni ya kani na mwendo ni ya pili kwa ubora. Wadogo wacheze kuvuta kamba. Wakubwa wasukume kreti la kilo 50 kwa nyutoni 100 bila msuguano: mchapuko ni mita 2 kwa sekunde mraba. Kisha waache kusukuma. Kreti linaendelea na kasi ileile, na hapo ndipo wengi hukataa kuamini macho yao, maana wamezoea kuwa kitu kisiposukumwa husimama. Ongeza msuguano taratibu, wapate sababu wenyewe.

Ya puto na umeme tuli ni msaada mkubwa kwa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Unyevu wa hewa ya pwani huondoa chaji upesi, na jaribio halisi mara nyingi hushindikana.

Udhaifu upo. Simulesheni nyingi hazina maswali wala mpangilio wa masomo, hivyo mtoto akiachwa peke yake atachezea tu moto unaotokea betri ya skrini ikizidiwa na mkondo. Tafsiri ya Kiswahili ipo kwa baadhi, si zote. Kwa anayejiandaa kuingia sekondari, pakua faili la Kiswahili na la Kiingereza la simulesheni moja.

Zile za HTML5 (zinazofunguka kwenye kivinjari) hupakuliwa mara moja na kufanya kazi bila intaneti. Kwenye Android fungua faili kwa Chrome. Simu ikichagua programu nyingine, utaona ukurasa mtupu. Zile za zamani za Java hazifunguki kwenye simu, ziruke.