Nyota mbili, na moja ni ya chai

Naandika kwa kamati za madrasa, misikiti na makanisa ya huku Mombasa ambazo zimetajiwa ile ofisi ya wakili ya kupatia watu "hati ya miaka kumi na miwili". Sisi tumeenda. Mimi ndiye mweka hazina, na risiti zote ninazo kwenye kopo la biskuti.

Madrasa yetu iko kwenye kiwanja kilichotengewa zahanati. Zahanati haikujengwa. Palibaki bomba lisilotoa maji na jaa la taka, mpaka 2006 wazee wakafyeka na kusimamisha banda la makuti. Leo ni matofali na mabati, na watoto wanasoma kwa zamu mbili.

Mapokezi sina la kulalamika. Unaitwa "karibu mama", na chai ya maziwa yenye iliki inafika kabla hujasema shida yako. Kijana wa pale maneno anayo. Alitwambia sheria ya Kenya inampa ardhi aliyeikalia miaka 12 bila kutolewa, na sisi tumeshapita zamani. Tukatoa shilingi 15,000 za kufungua faili.

Wiki ya tatu tukaitwa kutia sahihi kiapo. Ustadhi akatia. Mimi nikataka nisomewe kwanza. Aya ya 6 ikasema kwamba kila Jumapili tunakutana pale kwa ibada na mazoezi ya kwaya. Ustadhi akanitazama, nami nikamtazama. Kijana akacheka, ati kosa la kuchapa. (Kanisa lililolipia kiapo kile kabla yetu, poleni popote mlipo.)

Kilichoniudhi hasa ni barua. Tunayo barua kuukuu ya lililokuwa baraza la mji, inaturuhusu kutumia kiwanja kwa muda. Kijana akaniambia, "Hiyo iweke nyumbani mama, korti isiione." Karatasi pekee ya serikali tuliyo nayo, ndiyo nifiche? Chai ilinishinda kumaliza.

Nikaenda kwa mpwa wangu, karani kwa wakili mwingine. Akanifungulia Sura ya 22 ya sheria za Kenya, ile ya muda wa mwisho wa kufungua madai. Ile miaka 12 kweli imo, kifungu cha 7, na cha 38 kinakuonyesha pa kuombea hati. Ila kifungu cha 41 kinaitoa ardhi ya serikali nje kabisa. "Shangazi, hiyo ni ya shamba la mtu. La umma kaeni hata miaka hamsini." Tena hata kwa shamba la mtu, ukikaa kwa ruhusa madai yako hayasimami, ndiyo maana barua ilitakiwa kufichwa. Akanikumbusha kesi ya Dina Management ya 2023: kiwanja cha Nyali, wa kwanza kugawiwa alikuwa Rais Moi mwenyewe mwaka 1989, na Mahakama ya Juu ikasema hati iliyotokana na ugawaji mbovu hailindwi. Sembuse sisi na mabati yetu.

Imamu wetu mzee alishasema tangu siku ya kwanza kwamba mtu haweki wakfu asichomiliki. Tulimuona wa zamani.

Fedha iliyotufaa ni tuliyompa sorveya. Alipima asubuhi nzima juani, akaipata bikoni, alama ya mpaka wa kiwanja, chini ya kidaraja cha mlangoni, pale watoto wanapovulia ndara. Choo chetu, kumbe, kimeingia hifadhi ya barabara. Hakutupamba kwa maneno. Akatushauri tuandikie kaunti na Tume ya Taifa ya Ardhi tuombe kupewa rasmi, maana Sheria ya Ardhi ya 2012 ina njia ya kugawia kundi maalumu lenye uhitaji. Tumeandika, na ile barua ya baraza tumeibandika juu kabisa. Choo tunakihamisha mwezi huu.

Ofisini nilirudi kudai. Kati ya 15,000 wamenirudishia 4,000, nyingine "zimeshaingia kazini". Nyota ya pili ni ya hizo 4,000, kwa kuwa nilitegemea kurudi mikono mitupu.

Wakikutajia, iko ghorofa ya tatu na lifti haifanyi kazi. Nenda na mtu wa kukusomea, na usitie sahihi kabla hajafika aya ya mwisho.