Dar–Mwanza: nauli ya ndege imenishinda, sasa napanda SGR na kumalizia na basi

Biashara yangu ni vitenge na nguo za watoto. Nanunua Kariakoo, nauza Mwanza, na kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa mmoja: ndege ya asubuhi kwenda Dar, siku mbili tatu za kuzunguka madukani, mzigo unapanda lori, mimi narudi kwa ndege. Wenzangu sokoni wananiuliza kila mara kama ni kweli nimeacha ndege. Sijaiacha, ila nimeipunguza sana, na bei ni nusu tu ya sababu.

Tuliokuwa tunasafiri wakati Fastjet, shirika la ndege la nauli nafuu, linaanza mwisho wa Novemba 2012, tulionja kitu ambacho hakijarudi. Nauli ya Dar kwenda Mwanza ilianzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Si kila kiti kiliuzwa hivyo, na ukichelewa ilipanda, lakini watu waliozoea kukesha kwenye basi walianza kupanda ndege kwenda kuona wajukuu. Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) ikaizuia kuuza tiketi na kuipa notisi ya kuifutia leseni, kwa sababu ya madeni na upungufu wa ndege. Tangu hapo hatujapata tena nauli ya namna ile.

Siku hizi nikikata tiketi ndani ya wiki ya safari, kiti cha kwenda tu kinagusa laki tatu, na Desemba kinapita hapo. Piga hesabu kwa mtu anayekwenda kuchukua mzigo wa milioni mbili au tatu. Faida yote inaishia angani.

Naelewa kwa nini. Mafuta ya ndege, kukodi ndege na vipuri vinalipwa kwa dola, sisi tunalipa nauli kwa shilingi. Dola ilikuwa kama shilingi 2,300 mwaka 2022, katikati ya 2024 ikawa imepita 2,600. Juu ya hapo kuna VAT ya asilimia 18 kwenye safari za ndani, na tozo za uwanja. Halafu kuna injini. Zile za Pratt & Whitney zinazofungwa kwenye Airbus A220 zimesumbua mashirika duniani kote, na Air Tanzania nao walieleza hadharani kuwa baadhi ya ndege zao za aina hiyo zilisimama zikisubiri injini. Nchi yenye ndege chache, zikisimama mbili, viti vinapungua njia zote, na vilivyobaki vinapanda bei. Hakuna anayekuibia hapo, lakini mfuko wako unaumia vilevile.

Kilichonifanya nibadilike hasa ni kukosa uhakika. Safari moja nilikata tiketi ya kurudi Mwanza mapema, bei ikiwa bado nzuri. Shirika silitaji. Usiku wa kuamkia safari ujumbe ukaingia kwenye simu: safari imesogezwa hadi kesho yake jioni. Lori langu lilishaondoka. Nikaenda uwanjani asubuhi kuuliza, na kijana wa kaunta alikuwa na heshima zake. "Mama, samahani sana, ndege moja iko kwa mafundi na iliyobaki inazunguka vituo vyote." Nikamuuliza kama hiyo kesho ni uhakika. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama yangu, nisikudanganye." Nilimshukuru kwa hilo, maana ndiye pekee aliyeniambia ukweli. Kesho yake ikasogezwa tena. Mzigo ukafika Mwanza mwenyewe sipo, nikalazimika kumwomba mdogo wangu aache kazi zake akaupokee na kulipa wapagazi.

Shirika likanipa vocha ya kusafiri siku nyingine. Wakala wangu wa tiketi pale Kariakoo, dada ninayemwamini kwa miaka, akaniambia, "Dada, vocha hailipi lori. Andika, dai fedha yako." Nikaandika barua pepe, nikaambatanisha tiketi na zile jumbe za kusogeza safari, kisha nakala nikaipeleka kwenye Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, lililo chini ya TCAA. Watu wengi hawajui kama baraza hilo lipo, na kazi yake ni kutetea abiria. Fedha ilirudi, ingawa ilichukua wiki kadhaa. Kwa hiyo ukisogezewa safari usifute ujumbe hata mmoja, na usipokee vocha kwa haraka kwa sababu tu umechoka.

Sasa njia yangu mpya. Stesheni ya Magufuli, ya SGR, yaani treni ya umeme ya reli mpya, ipo jirani kabisa na Kariakoo. Bajaji dakika chache, wakati kwenda uwanja wa ndege unaweza kuganda Barabara ya Nyerere mpaka moyo ukuchomoke. Tiketi ya SGR nakata kwenye simu: naingiza namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), napata namba ya malipo, nalipa kwa M-Pesa. Nauli ya treni ya kawaida hadi Dodoma iliyotangazwa mwaka 2024 ni shilingi 31,000; ya haraka na ile yenye pua iliyochongoka tuliyoipa jina la Mchongoko zinazidi hapo. Wakisema fika mapema, fika mapema, kwa sababu mizigo yote inapita kwenye mashine na milango ikifungwa imefungwa.

Ndani ni pasafi, viti vinakaa vizuri, na treni inaondoka kwa saa yake. Napenda treni ya asubuhi. Ukipita Morogoro na Kilosa inaanza milima, unaingia kwenye mahandaki, na masikio yanaziba kidogo kama kwenye ndege inayoshuka. Mara ya kwanza mama mmoja mbele yangu alimshika mjukuu wake mkono, taa za ndani zikabaki zinawaka, na mwanga wa nje uliporudi mtoto akaomba waingie tena. Kwa spidi ya hadi kilomita 160 kwa saa, unafika Dodoma baada ya saa tatu na nusu hivi. Basi la zamani lilikuwa linachukua nusu siku nzima kwa kipande hicho.

SGR nayo ina mambo yake, nisiipambe. Mwishoni mwa Julai 2024, treni zikiwa ndiyo kwanza zimeanza kwenda Dodoma, umeme ulikatika njiani na Shirika la Reli (TRC) wakawataja ngedere na bundi kuwa chanzo cha hitilafu. Na haijafika kwetu. Kipande cha Isaka hadi Mwanza kinajengwa, Dodoma ndiyo mwisho kwa sasa.

Hapo ndipo pagumu. Stesheni ya Dodoma iko Mkonze, stendi ya mabasi iko Nane Nane, upande mwingine kabisa wa mji. Kukata basi bila kuacha nafasi ya kuvuka mji ni kutafuta presha. Mimi naacha saa mbili nzima, nakula wali na samaki stendi, kisha napanda. Nauli ya Dodoma hadi Mwanza haijawahi kunifikia elfu hamsini. Singida, mlima Sekenke, Igunga, Nzega, Shinyanga, na usiku wa manane uko Nyegezi. Miguu inavimba, sifichi. Nakaa upande wa kulia mchana ili nisisumbuliwe na watu wanaopishana mlangoni, nabeba khanga ya kujifunika kwa sababu ya kiyoyozi, na namwambia dereva wangu wa bodaboda aje na mwenzake wa gari ikiwa ni usiku sana.

Jumla ya treni, basi na chakula haifiki laki moja. Tofauti yake na ndege ni robota nzima ya vitenge, na hiyo robota ndiyo inalipa ada ya shule. Nimepoteza siku moja, lakini ni siku ninayoijua: naondoka saa hii, nafika saa hii. Kwa mfanyabiashara siku inayojulikana ni bora kuliko ndege ya saa moja na nusu ambayo hujui kama itasogezwa kwa ujumbe wa simu.

Alama zangu: SGR Dar–Dodoma nne na nusu kati ya tano. Basi Dodoma–Mwanza tatu. Ndege za ndani kwa sasa tatu pia, na ningezipa nne kama wangeonyesha bei yenye kodi zote tangu ukurasa wa kwanza na kurudisha fedha bila mtu kuandika barua.

Ndege naibakizia mambo mawili. Moja ni msiba. La pili ni wagonjwa. Juzi nilipompeleka mama yangu mzazi kliniki Muhimbili, nilikata ndege kwenda na kurudi bila kujadili, wiki nne kabla, tiketi ya aina inayobadilishika tarehe ingawa ilizidi bei. Na nikapanga tufike Dar siku mbili kabla ya miadi ya daktari, safari ikisogezwa tuwe bado tunamuwahi.