Kituo cha masomo ya ziada, Morogoro: darasa la Jumamosi lilipie, kambi achana nayo

Mimi ni fundi cherehani, Kihonda. Shule niliishia la saba. Ninayemsomesha ni binti wa dada yangu, yuko kidato cha tatu shule ya kata, na upimaji wa kidato cha pili ulimletea D nyingi na F ya hesabu. Jina la kituo sitaliweka hapa. Mwenye kituo ni mteja wangu, nilimshonea suti ya harusi ya mdogo wake, na haya ninayoyaandika nimeshamwambia usoni.

Tuisheni mjini kwetu si kitu cha kutafuta, kila mtaa una banda lake. Nilichokipenda hiki ni bango: wengine wote wanatangaza masomo na ufaulu, hawa wameandika "Mbinu za kusoma na kujibu mtihani". Fomu elfu tano. Darasa la mbinu, Jumamosi saa mbili asubuhi hadi saa sita, elfu ishirini kwa mwezi. Masomo ya jioni elfu kumi kila somo. Kambi ya likizo bei yake nitaifikia.

Darasa la Jumamosi ndilo lililonifanya niandike. Mwalimu wake ni kijana wa baiolojia, mpole, hana makelele. Kumbe Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, ziko bure kwenye tovuti yao, na ndani wameweka mpaka majibu yenyewe yaliyoandikwa kwa mkono, lililo zuri na lililo bovu. Huyu kijana anachapa lile bovu, anawagawia watoto kalamu nyekundu, anawaambia: sahihisheni. Binti alirudi siku hiyo akicheka peke yake. Swali lilitaka utaje vitu vitatu, mtahiniwa kajaza nusu ukurasa akieleza kimoja. "Mjomba, huyu ni mimi kabisa," akaniambia.

Halafu muda. Mtihani wa hesabu wa kidato cha nne una maswali 14 kwa saa tatu. Kumi ya mwanzo yana alama sita sita, manne ya mwisho kumi kumi. Ukigawanya, swali la alama sita haki yake ni dakika kumi na kitu, likikugomea unaliruka. Binti yetu alikuwa ananing'inia kwenye swali moja mpaka wenzake wanaomba karatasi ya ziada. Hakuna aliyewahi kumwambia aangalie saa.

Lugha nayo wameitazama vizuri. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma sayansi miaka yote kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza kila kitu Kiingereza. Pale Jumamosi anamweleza mwenzake kwanza kwa Kiswahili kwa nini kipande cha kiazi kikikaa kwenye maji ya chumvi kinalegea. Akishaeleweka ndipo anaandika sentensi tatu za Kiingereza, fupi, bila kunakili kitabu. Nilikaa nyuma siku moja nikaona. Watoto wawili waliokuwa wamenyamaza kama maji mtungini waligeuka wabishi.

Sasa kadi. Wanafundishwa kukata manila vipande vidogo, swali mbele, jibu nyuma, na kujiuliza badala ya kusoma daftari tena na tena. Anarudia kadi kesho yake, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki. Nilipouliza kwa nini asisome tu mara moja akamaliza, nilihubiriwa habari za Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus, aliyejikaririsha silabi zisizo na maana akawa anapima anavyozisahau, akachapisha kitabu chake mwaka 1885. Haya. Mimi kilichoniuma ni kwamba manila zenyewe zilikatwa kwa mkasi wangu wa vitambaa. Fundi yeyote anajua karatasi inavyoua makali. Nimemnunulia wake.

Lakini hizo kadi ndizo zilizoniingiza na mimi. Jioni napiga pindo, yeye amekaa kwenye benchi la wateja, ananipa rundo: "Mjomba, niulize." Kiingereza changu ni cha kusoma lebo za nguo, ila jibu liko nyuma ya kadi, nafuata kwa kidole. Akikosa, kadi inarudi chini ya rundo. Zamani nilikuwa namwona ameinamia daftari nasema mtoto anasoma, nampita. Ningejuaje? Mzazi ambaye hakufika sekondari, hiki ndicho unachokilipia: unapata namna ya kumsimamia mtoto nyumbani siku sita ambazo kituo kimefungwa kwake.

Masomo ya jioni sina sifa nyingi za kuyapa. Hesabu wanajazana mpaka wengine wanaandikia magoti, bati liko chini, saa kumi jioni humo ndani ni tanuri. Mwalimu anajua, anakwenda mbio na mada za kidato cha tatu, lakini hakuna aliyempima mtoto kwanza kujua amekwama wapi. Wa kwangu alikuwa bado anasumbuliwa na sehemu, zile za shule ya msingi. Suti hukati kabla hujampima mwenye nayo. Nilipolalamika, mwenye kituo alisema darasa likigawanywa hawezi kulipa walimu wawili. Nimemwelewa, na somo hilo nimemtoa. Sasa anafundishwa na mwanafunzi wa chuo, jirani yetu, yeye na wenzake wanne, kuanzia sehemu.

Kuna pia "hela ya karatasi", mia tano kila jaribio, ambayo haikuwa kwenye fomu. Na pamfleti wanazouza elfu saba. Msinunue. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni bila malipo. Mkichangishana bando wazazi wawili watatu mnavisoma.

Kambi ya likizo: laki moja na themanini kwa wiki tatu, kulala na chakula. Nilimpeleka. Asubuhi mhamasishaji mwenye spika anawapigisha kelele "Divisheni wani!", mchana notsi ubaoni, usiku notsi tena. Yule kijana wa baiolojia hakuwepo, kumbe hayumo kwenye mpango wa kambi. Kwa hiyo mbinu walizozitangaza kwenye bango, kambini hazipo. Binti alirudi amekonda na wimbo mpya.

Matokeo ya muhula? Baiolojia alikuwa D, sasa ana C ya 51. Historia imepanda pia, kidogo. Hesabu alikuwa na 14, amepata 27, na kwa kuwa F inaishia 29, karatasi imeandika F ile ile. Dada yangu alipoiona kwenye simu alinipigia kwa ukali. Nikamwambia aangalie namba, asiangalie herufi.

Kwa anayefikiria kumpeleka mtoto: mwingizeni Jumamosi peke yake, na muulizeni kabla kama mwalimu wa baiolojia bado yupo, maana wakimpoteza huyo sina hakika kinachobaki. Kidato cha kwanza na cha pili ndio wangefaidi zaidi. Wa kidato cha nne anayeanza Septemba amechelewa, mtihani ni Novemba. Lipeni kwa mwezi, msikubali kulipa muhula mzima, na risiti mwiombe pale pale dirishani, kwa sababu yule dada wa ofisini husema "nitaituma wasapu" na haiji. Wa kike waambieni wasubiriane kwenye kona ya duka la dawa. Njia ya kutokea barabara kubwa ina majani marefu na taa hakuna.