Jamaica Inn: Mapenzi Yasiyojua Yamwamini Nani

Wapo wasomaji wanaozidharau riwaya za mapenzi za kihistoria kwa kudhani kwamba hazina kitu zaidi ya magauni marefu na machozi. Ningependa waanze na Jamaica Inn ya Daphne du Maurier, iliyotoka mwaka 1936, ambayo nimeimaliza kwa mara ya pili nikiwa na hofu ile ile ya mara ya kwanza.

Mary Yellan, msichana wa miaka 23, anafiwa na mama yake na kwenda kuishi kwa dada ya marehemu huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19. Mume wa dada huyo, Joss Merlyn, anamiliki nyumba ya wageni iitwayo Jamaica Inn katikati ya nyika ya Bodmin, lakini hakuna mgeni anayelala humo. Usiku magari ya kukokotwa huingia uani kimyakimya, na alfajiri huwa yameshatoweka. Ushuru wa pombe kali, chai na tumbaku ulikuwa mkubwa zama hizo, hivyo msomaji huwaza magendo mara moja. Ukweli ni mbaya zaidi ya magendo, nami sitaufichua.

Kilichonishika hasa ni jinsi mapenzi yenyewe yalivyo sehemu ya fumbo. Joss ni jitu la kutisha, lakini mezani hukata mkate vipande vyembamba na kuupaka siagi kwa vidole vyepesi vyenye madaha, na madaha hayo yanamtia Mary hofu kuliko makelele yake. Kurasa nyingi baadaye Mary anaiona mikono ya umbo lile lile kwa Jem, mdogo wake Joss, ambaye ni mwizi wa farasi, na safari hii mikono hiyo inamvutia. Je, ampende mtu wa damu ile? Taharuki yote imo katika swali hilo, kwa kuwa msichana asiye na baba, mama wala fedha zama hizo akikosea kumwamini mtu, hana pa kukimbilia. Ndiyo maana hata sura ya mnadani katika mji wa Launceston, ambapo Jem anamuuzia mke wa hakimu farasi mdogo aliyeibwa kwa mumewe huyo huyo, inafurahisha na kutia wasiwasi kwa pamoja.

Dosari zipo. Maelezo ya nyika na ukungu hurudiwa mno katikati ya kitabu, na msomaji makini atamshuku mhusika mmoja mapema kuliko inavyopasa. Hata hivyo mandhari hayo si ya kubuni tu: nyumba hiyo ipo kweli, katika kijiji cha Bolventor, na mwandishi alifikia hapo mwaka 1930. Kiingereza chake kinasomeka bila kamusi kila ukurasa, ila usianze sura za mwisho usiku kama una kazi asubuhi.